Gari Linakosa Nguvu Safarini Kisha Linapona Lenyewe: Mwongozo Kamili wa Kulikamata Tatizo Njiani

Umetoka Dar alfajiri, gari halina neno. Chalinze, Morogoro, Mikumi, kote sawa. Unaanza kupanda Kitonga, mguu umezama kwenye mafuta lakini gari linajikokota kama limefungwa kamba nyuma. Unaegesha, mnakunywa maji, watoto wananyoosha miguu. Dakika ishirini baadaye unawasha, na gari linaondoka kama halijawahi kuumwa.

Iringa mjini fundi analizungusha mtaa mmoja, anarudi. "Kaka, mbona gari zima hili?" Ili usiondoke mikono mitupu, anakubadilishia plagi. Mwezi ujao, mlima ule ule, shida ni ile ile.

Watu wengi wamebadilisha plagi, koili (inayoipa plagi umeme mkali), filta na hata pampu ya mafuta kwa mtindo huu, kimoja baada ya kingine, na tatizo likabaki. Fundi hana kosa hapo. Tatizo la aina hii hutokea gari likiwa na joto fulani, mzigo fulani na mafuta kiasi fulani. Yeye analipokea likiwa limepoa, halina abiria, liko tambarare. Shahidi pekee ni wewe uliyekuwa kwenye usukani, na mara nyingi shahidi huyo anafika gereji na maneno mawili tu: "halina nguvu."

Nimeandika hasa kwa gari dogo la petroli lisilo na kabureta: IST, Probox, Fielder, Premio na wenzao. Dizeli ina sehemu yake kuelekea mwisho.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya safari

- Daftari na kalamu, au simu ya abiria yenye chaji.
- Kisomeo (OBD2) cha kodi za hitilafu, yaani namba za makosa zinazohifadhiwa na kompyuta ya gari; kile kidogo cha Bluetooth, pamoja na programu yake kwenye simu. Kijaribu nyumbani. Baadhi ya magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayasomeki na vifaa vya bei nafuu, na Kitonga si mahali pa kuligundua hilo.
- Mita ya umeme (multimita) na pini mbili nyembamba za kufikia terminali kutoka nyuma ya soketi.
- Spana namba 8, 10, 12 na 14, bisibisi, plaizi, tochi ya kichwani, glovu.
- Filta mpya ya hewa, fyuzi za akiba na koili moja unayojua ni nzima.
- Dawa ya kopo ya kusafishia sensa ya hewa, ile inayopima hewa inayoingia kwenye injini. Iwe ya sensa kweli. Ile ya kabureta inaweza kuiharibu.
- Pembetatu mbili za tahadhari, kizibao cha kung'aa, kizima moto, na maji ya kutosha kwa watu na kwa rejeta.

## Hatua ya 1: Ondoka barabarani, lakini usikimbilie kuzima injini

Gari likianza kulegea, washa taa za hazadi, punguza mzigo kwa kuzima AC, na tafuta sehemu pana ya kuegesha. Kwenye kona za Kitonga usisimame hata kama unaona aibu kujikokota. Lori linaloshuka na linalopanda yote yanahitaji barabara ile. Ni heri upande taratibu kwa gia ndogo mpaka upate upenyo.

Zima injini papo hapo ikiwa:

- Taa nyekundu ya oili au ya joto imewaka.
- Unasikia harufu ya petroli au ya plastiki inayoungua.
- Taa ya cheki injini inawaka na kuzima-kuzima. Hiyo maana yake injini inamisi vibaya, yaani silinda moja au zaidi haichomi mafuta yake sawasawa, na petroli isiyoungua inaingia kwenye masega ya eksozi (kisafisha moshi, catalytic converter) na kuyachemsha kupita kiasi. Usiegeshe juu ya nyasi kavu, zinaweza kushika moto.

Kama hakuna hata kimoja, acha injini iungurume. Ukizima, dalili zinazoonekana sasa hivi zitaondoka, na ndizo unazozihitaji.

Umefaulu ikiwa: gari liko nje ya njia, pembetatu ziko nyuma, watu wamekaa upande usio wa magari, na injini bado inawaka.

## Hatua ya 2: Andika kabla hujagusa kitu

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo yenye thamani kuliko zote. Jibu haya kwa maandishi:

1. Nguvu imepungua ghafla au polepole?
2. Ni kwenye mlima tu, au hata tambarare? Kwa mwendo gani?
3. Ukikanyaga mafuta, injini inatetemeka na kumisi, au inapanda laini ila imelegea?
4. Mafuta yamebaki kiasi gani kwenye tanki? Mara ya mwisho umejaza wapi, kilomita ngapi zilizopita?
5. Joto la injini likoje? Jua la saa ngapi? AC ilikuwa imewashwa?
6. Umepita kwenye maji, mvua au matuta makali kabla yake?
7. Ukizima na kuwasha papo hapo, nguvu inarudi mara moja, au lazima lipoe kwanza? Swali hili liache la mwisho, baada ya kumaliza hatua ya 4, kwa sababu litakulazimisha kuzima.

La saba lina uzito wa pekee. Gari likipona kwa kuzima na kuwasha tu, kuna uwezekano mkubwa kompyuta ndiyo iliyojibana yenyewe kuilinda injini, na kodi ya sababu imehifadhiwa. Likihitaji dakika kumi na tano au zaidi za kupoa, tafuta kitu kinachoshindwa kwa joto: pampu, koili, waya au sensa.

Umefaulu ikiwa: unaweza kumwambia fundi sentensi kama hii: "Nusu ya mlima, gia ya pili, AC imewashwa, mafuta robo tanki, joto la kawaida, rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) haivuki 3,000, halimisi, limepona baada ya dakika ishirini." Fundi mzuri akisikia hivyo anaacha kuwaza plagi.

## Hatua ya 3: Hakikisha ni injini kweli

Tazama mshale wa rpm. Mizunguko ikipanda vizuri huku gari haliongezi mwendo, injini ni nzima. Gia boksi ndiyo inayoteleza, hasa ya otomatiki iliyopata joto mlimani. Angalia kiwango na rangi ya hydroliki yake kama gari lina kijiti cha kupimia. Ikinuka kuungua, usiendelee kupanda.

Mizunguko ikigoma kupanda, endelea na mwongozo huu, ila kwanza zunguka magurudumu manne. Sogeza kiganja karibu na rimu bila kugusa. Gurudumu moja likiwa na joto kali kuliko mengine na harufu ya kuungua, breki imeshika. Nimemwona mtu akifunguliwa injini kwa ajili ya kaliba ya breki iliyokwama.

Halafu kuna mwinuko. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, maana hewa inakuwa nyepesi. Morogoro iko mita 500 hivi juu ya bahari, Iringa karibu 1,600. Kwa hiyo gari kuwa zito kidogo Iringa si ugonjwa. Lakini upungufu huo huja polepole na hukaa pale pale mpaka ushuke. Ukija na kuondoka, si mwinuko.

## Hatua ya 4: Soma kodi na namba wakati tatizo lipo

Chomeka kisomeo chini ya dashibodi upande wa dereva. Simu ashike abiria, kamwe si dereva.

Soma kodi zilizothibitishwa na zile zinazosubiri (kosa limeonekana lakini bado halijathibitishwa), kisha piga picha skrini. Usifute chochote. Kompyuta huhifadhi pia hali ya gari sekunde ile kodi ilipoingia: mwendo, joto, mizunguko. Ukifuta, umeuchoma ushahidi. Wengi hufuta ili taa izime, wanafika gereji na gari lisilo na kumbukumbu yoyote.

Kodi utakazokutana nazo sana:

- P0300, au P0301 hadi P0304: injini inamisi, tarakimu ya mwisho ni namba ya silinda. Nenda hatua ya 6.
- P0171: mafuta ni kidogo mno kwa hewa iliyopo. Hatua ya 5, kisha ya 7.
- P0101 na P0102: sensa ya hewa. Hatua ya 7.
- P0335: sensa ya kranki, inayosoma mzunguko wa injini. Hii hupenda kufa kwa joto na kufufuka ikipoa, na kwa kawaida injini huzima kabisa badala ya kulegea.
- P0420: masega yamechoka. Haithibitishi kwamba yameziba.

Kutokuwa na kodi si ushahidi kwamba gari ni zima. Pampu dhaifu inaweza kukusumbua mwaka mzima bila taa kuwaka. Ndiyo maana zitazame namba hizi gari likiwa linapanda:

Joto la maji. Kati ya nyuzi 85 na 100 ni kawaida kwa magari mengi. Usiuamini mshale wa dashibodi peke yake; kwenye magari mengi umetengenezwa ukae katikati hata joto likipanda na kushuka.

Marekebisho ya mafuta, yanayoandikwa STFT (ya muda mfupi) na LTFT (ya muda mrefu). Ni asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta. Kati ya -10 na +10 hakuna tatizo. Jumla yake ikivuka +20, kompyuta inalilia mafuta: ama hayafiki, ama kuna hewa inayoingia bila kupimwa.

Sensa ya oksijeni, iliyo kwenye eksozi. Ukikanyaga mafuta mpaka chini mlimani, sensa ya kawaida inatakiwa ipande kuelekea volti 0.8 au 0.9. Ikishuka karibu na 0.1 huku gari likilegea, injini inakufa kwa kiu. Kama sensa ya mbele ni ya aina nyingine na namba zake hazieleweki, tazama ya nyuma.

Umeme wa gari. Volti 13.5 hadi 14.5 injini ikiwaka.

Umefaulu ikiwa: una picha ya kodi na picha nyingine ya namba, zilizopigwa gari likiwa linaumwa.

## Hatua ya 5: Anza na mafuta

Kwa magari ya umri wa yale yanayotembea barabarani kwetu, mimi huanza hapa kila mara dalili zikiwa "mlimani, joto, halimisi, likipoa linapona." Tambarare injini inahitaji mafuta kidogo, kwa hiyo hata pampu mgonjwa inamudu. Mlima ndio unaoiumbua.

Kifuniko cha tanki. Gari likiwa limelegea, fungua kifuniko. Mvumo mdogo ni kawaida. Likifyonza hewa kwa nguvu, kisha likapanda vizuri, njia ya tanki kupumulia imeziba na pampu ilikuwa inavuta dhidi ya ombwe. Jaribio hili halina gharama, lifanye kwanza. Zima sigara, na usikaribie na moto wowote.

Kiasi cha mafuta. Pampu iliyo ndani ya tanki hupozwa na mafuta yanayoizunguka na kupita ndani yake. Ikiwa tatizo huja mkifika robo tanki na huondoka ukijaza, pampu inachoka au kichujio chake kimejaa uchafu. Njiani, jaza tanki na endelea kwa mwendo wa wastani; mara nyingi hiyo inatosha kukufikisha.

Mafuta yenyewe. Shida imeanza ndani ya kilomita 50 baada ya kujaza sheli usiyoizoea? Mwambie fundi atoe mafuta kidogo kwa kutumia pampu, ayaweke kwenye chupa angavu na kuyaacha yatulie. Maji hukaa chini, na mstari kati yake na petroli unaonekana wazi. Usinyonye petroli kwa mdomo.

Umeme unaofika kwenye pampu. Hapa nikae kidogo, kwa sababu ndipo mimi mwenyewe nilipoteseka.

Gari langu lilikuwa likilegea kila nikipanda, tena mchana tu. Nilibadilisha plagi. Nikabadilisha koili. Gereji moja ikanifungia pampu mpya. Likatulia wiki tatu, likarudia. Mwishowe nilinyanyua siti ya nyuma, nikafungua kifuniko kidogo cha bati na kuvuta soketi ya pampu. Terminali tatu zilikuwa zinang'aa. Ya nne ilikuwa nyeusi kama utambi wa kibatari, na plastiki iliyoizunguka imegeuka rangi ya chai na kulainika. Terminali ililegea, ikapata joto, ukinzani ukaongezeka, umeme ukapungua, pampu ikazunguka polepole. Ikipoa, inashika tena. Pampu yangu ya kwanza haikuwa na kosa lolote. Soketi mpya na kipande cha waya ndivyo vilivyomaliza kazi.

Pima hivi:

1. Gari likiwa bado na joto na tatizo, injini ikiunguruma, pima betri. Tuseme 14.0.
2. Bila kuchomoa soketi ya pampu, ingiza pini kutoka nyuma yake kwenye waya wa umeme na waya wa ethi (hasi), kisha pima.
3. Tofauti isizidi nusu volti hadi volti moja. Ukipata 11 huku betri ina 14, usinunue pampu. Tafuta soketi, rilei (swichi ya umeme wa pampu) au ethi iliyoungua.

Tahadhari mbili. Ukisikia harufu ya petroli chini ya siti, acha kabisa, maana cheche moja inatosha. Pili, magari mengine yana kidhibiti kinachopunguza umeme wa pampu kwa makusudi injini ikiwa haina mzigo. Kwa hayo, kipimo cha kuaminika ni kile cha injini ikiwa na mzigo.

Umeme ukiwa mzuri na kiu ikaendelea, sasa ndipo mwombe fundi afunge geji ya presha. Kwa injini ya 1NZ-FE, iliyo kwenye IST na Probox nyingi za cc 1,500, presha inatakiwa iwe kati ya kPa 304 na 343, yaani psi 44 hadi 50. Mwambie aiache geji mkiwa mnaendesha, si kupima ikiwa imesimama tu.

## Hatua ya 6: Kama linamisi

Injini ikitetemeka na kutoa sauti ya kukatika-katika, koili ndiyo mtuhumiwa wa kwanza. Nyaya zake za ndani hupata joto, ufa mdogo unafunguka, moto unavuja.

Tuseme kodi ni P0303. Zima injini, iache ipoe kidogo. Chomoa koili ya silinda ya 3 na ya 1, zibadilishane nafasi, andika namba juu yake kwa kalamu. Bonyeza kilimi cha soketi taratibu. Plastiki ya miaka kumi na tano huvunjika kama biskuti. Hapa tu ndipo unaruhusiwa kufuta kodi, baada ya kupiga picha.

Kodi ikihamia P0301, koili ni mbovu. Weka ile ya akiba. Ikibaki P0303, shida ni plagi, nozeli (inayopuliza mafuta kwenye silinda) au injini yenyewe. Ukikuta oili kwenye shimo la plagi, mwambie fundi abadilishe sili zake, la sivyo koili mpya itakufa vile vile.

## Hatua ya 7: Hewa inayoingia na moshi unaotoka

Filta ya hewa itikise. Baada ya kilomita mia za vumbi inaweza kuwa kama godoro. Badilisha, usiipige kwenye tairi, utaitoboa.

Bomba la mpira kati ya filta na injini likague kwa kulikunjua kwa mkono. Ufa uliofichika kwenye mikunjo hufunguka pale injini inapoinama ikivuta mzigo, na hujifunga ukisimama. Sensa ya hewa ipulizie dawa yake bila kuigusa, isubiri ikauke kabisa ndipo uirudishe.

Masega yaliyoziba yana tabia yake: gari linaondoka vizuri, ila kadiri mizunguko inavyopanda ndivyo linavyokabwa. Wakati mwingine kipande kimevunjika ndani na kinageuka-geuka; leo kimelala pembeni, kesho kimesimama kuziba njia. Gonga bomba likiwa limepoa, sikiliza kama kuna kitu kinacheza. Fundi anaweza kufungua sensa ya oksijeni ya mbele na kupima presha pale: ikivuka psi 3 kwenye mizunguko 2,500, njia imebanwa. Usiguse eksozi ya gari lililotoka mlimani.

## Dizeli

Ukipewa nafasi ya kukagua vitu viwili tu, kagua filta ya dizeli na mipira ya turbo.

Legeza vali ya chini ya filta, toa dizeli kidogo kwenye chupa angavu. Maji na takataka nyeusi vitaonekana. Baada ya hapo piga pampu ya mkono mpaka iwe ngumu, kwani hewa ikibaki ndani gari litalegea upya.

Moshi mweusi na nguvu kidogo mlimani ni dalili ya hewa kuvuja baada ya turbo. Pitisha tochi kwenye kila klipu. Mpira uliochanika huacha alama ya oili pale inapovuja. Kodi yake ya kawaida ni P0299. Kwa dizeli za kisasa zenye reli ya presha kubwa, kodi P0087 inamaanisha presha ya mafuta imeshuka: badilisha filta kwanza, kisha fundi akague vali ya SCV (inayodhibiti kiasi cha dizeli) kwenye pampu kabla hajataja kubadilisha pampu nzima.

## Hatua ya 8: Lirudishe tatizo kwa makusudi

Ukishatengeneza, usiridhike na mzunguko wa mjini. Rudisha hali ile ile uliyoandika: joto la mchana, AC imewashwa, mafuta robo, abiria wale wale au mifuko ya uzito wao, na mlima unaofanana. Mchukue fundi akae mbele na simu mkononi.

Umefaulu ikiwa: umepanda mara mbili mfululizo, mizunguko inavuka pale ilipokuwa inagoma, STFT na LTFT ziko ndani ya 10, na baada ya siku tatu za matumizi hakuna kodi inayosubiri.

Likilegea tena, hujapoteza kitu. Una ukurasa wa pili wa daftari, na kifaa ulichobadilisha kiko nje ya orodha. Cha zamani omba upewe, kifunge kwenye gazeti, kiandike tarehe na ukiweke kwenye buti. Koili yangu ya kwanza, ile niliyoihukumu bila kosa, bado iko humo kama akiba, na inafanya kazi.